Picha ya kitambulisho ilivujia wapi? Bluetooth, NFC na daftari la kikundi

SWALI: "Habari za kazi kaka. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama 30, wilaya ya Kilosa. Daftari letu liko kwenye Excel: majina, namba za NIDA, hisa na mikopo. Kwenye folda hiyohiyo kuna picha za vitambulisho vya wanachama. Kila Jumamosi baada ya kikao nawarushia nakala mweka hazina na mwenyekiti kwenye simu zao, na mwenyekiti anaihamishia kwenye laptopu yake. Bando ni ghali na mtandao wa huku ni wa kubahatisha, ndiyo maana natumia Bluetooth. Sasa kijana wa mweka hazina, anayesoma kompyuta chuoni, anasema Bluetooth ikiwa wazi mtu aliyekaa barabarani anaweza kuinyonya simu nzima mpaka hela zilizomo. Anashauri tutumie NFC kwa kuwa ni ya kugusanisha tu, au Xender kwa kuwa haitumii intaneti. Kilichonitisha zaidi, mwezi uliopita mwanachama mmoja aliiona picha ya kitambulisho chake kwenye simu ya mtoto wa mwenyekiti. Amekasirika na anataka kujitoa. Je, tumedukuliwa? Turudi kwenye daftari la karatasi?"

JIBU: Njema, dada katibu, na pole kwa hilo la mwanachama. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote jicho limesimama palepale, kwenye simu ya mtoto wa mwenyekiti. Umeniuliza habari za mawimbi nami nitazijibu zote, lakini sidhani kama picha ile ilinaswa hewani. Mtu mwenye ujuzi na vifaa vya kuinasa Bluetooth ya watu hahangaiki hivyo halafu alichokipata akakiweke kwenye simu ya mtoto wa nyumba ileile uliyoirushia. Inaelekea picha ilifika kwa mwenyekiti salama salimini, kisha ikatoka humo nyumbani kwa mlango wa kawaida kabisa. Mlango huo tutaufikia.

Tuanze na hela, maana najua ndiyo inayowanyima watu usingizi. Hela ya kwenye simu haikai ndani ya simu. Iko kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, na kuitoa kunahitaji laini yako pamoja na namba yako ya siri, kupitia mtandao wa simu. Bluetooth haina njia yake ya kuingia huko. Wanaolizwa wengi huku kwetu hulizwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", au na mtu anayejifanya wa huduma kwa wateja akaomba namba ya siri. Ukiupata ujumbe wa namna hiyo, itume namba ya tapeli kwenda 15040. Kijana wa mweka hazina amechanganya mambo mawili, ingawa kama utakavyoona hajakosea yote.

Sasa Bluetooth yenyewe. Ni redio ndogo inayotumia masafa ya gigahezi 2.4, jirani na Wi-Fi na hata jiko la maikrowevu. Iliasisiwa kwenye kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, mwaka 1994, na jina lake ni la mfalme wa zamani wa Denmark, Harald Bluetooth. Redio hurusha pande zote. Unapomtumia mweka hazina faili, mawimbi hayamwendei yeye peke yake. Yanaenea chumba kizima, yanatoka dirishani, yanafika kwa muuza maandazi. Kwa hiyo swali la "nani anaweza kusikia" jibu lake ni rahisi: yeyote aliye karibu. La kuuliza ni kama atakielewa alichokisikia.

Hapa naomba uvumilivu kidogo, kwa sababu ukielewa sehemu hii mengine yote yatajipanga.

Bila shaka kikundi chenu kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Chukua sanduku kama hilo, ila liwe na pete mbili za kufuli. Unataka kumpelekea mweka hazina kitu kupitia bodaboda usiyemwamini, na wewe na mweka hazina hamjawahi kupeana ufunguo. Unalifunga kwa kufuli yako, ufunguo unabaki nao. Likimfikia hawezi kulifungua, lakini anaongeza kufuli yake kwenye pete ya pili na kulirudisha. Wewe unaitoa yako, unalituma tena. Safari hii limebaki na kufuli yake tu, analifungua. Bodaboda amelibeba mara tatu na hajaona kilichomo, na hakuna ufunguo uliosafiri.

Hesabu ya Bluetooth si hiyo hasa, lakini inafika palepale. Simu mbili zinatupiana namba hadharani, kila moja ikiwa imeficha namba yake ya siri, na mwishoni zote mbili zinakokotoa ufunguo uleule ambao haukupita hewani hata mara moja. Kuanzia hapo kila kinachorushwa kinavurugwa kwa ufunguo huo, na muuza maandazi anasikia kelele tu. Utaratibu huu uliingia na Bluetooth toleo la 2.1, mwaka 2007. Zamani zile ilikuwa ni 0000 au 1234 unazoandika kwenye simu zote mbili, na aliyekuwa anasikiliza wakati mnaunganisha aliweza kuikokotoa siri yenu kwa kompyuta ya kawaida. Sifa mbaya ya Bluetooth kwa sehemu kubwa ilizaliwa enzi hizo.

Rudi kwenye sanduku. Je, bodaboda akiwa mjanja? Halipeleki popote. Anazunguka kona, anatia kufuli aliyoinunua mwenyewe, anakurudishia. Unaona kufuli ya pili, unaamini ni ya mweka hazina, unaitoa yako. Kwisha. Na akitaka kujificha kabisa, anakifunga tena kitu hicho na kufanya mchezo uleule na mweka hazina, nyote mkabaki mnadhani mambo yamekwenda sawa. Namna ya kumkamata ni moja: kumpigia mweka hazina umuulize, "Kufuli yako imechongwa namba gani?"

Zile tarakimu sita zinazotokea kwenye vioo vya simu zote mbili mnapooanisha kwa mara ya kwanza ndizo namba iliyochongwa kwenye kufuli. Zimekokotolewa kutokana na namba ambazo simu zenu zilitupiana. Akiwepo mtu katikati, simu yako itakuwa imepatana naye na ya mweka hazina itakuwa imepatana naye kivyake, kwa hiyo tarakimu hazitalingana. Bahati yake ya kuzifananisha ni moja kwa milioni. Lakini kinga hii yote inategemea macho yenu. Nimekaa na watu wengi wanaooanisha simu, na karibu wote hufanya hivi: kidirisha kinatokea, kidole kinakwenda kwenye "Oanisha" kabla jicho halijafika kwenye namba. Ni sawa na kupokea kufuli bila kuiangalia.

Kwa hiyo Jumamosi hii fanyeni zoezi moja. Ufute uunganisho wa zamani kati ya simu yako na zao, kisha muoanishe upya mkiwa mmekaa pamoja. Zikitokea, tuseme, 418 036 kwenye simu yako, zisome kwa sauti. Mwenzako azifuate kwa kidole kwenye kioo chake. Zikilingana zote sita, wote mnakubali. Hii ni mara moja tu. Simu zinakumbukana baada ya hapo na ufunguo hubaki ndani yake. Lakini ikitokea siku simu inaomba kuoanishwa upya na ile ambayo tayari mlishaoanisha, usikubali kwa mazoea. Muulize mwenzako kwanza kama amefuta kitu.

(Spika na visikilizi haviulizi namba kwa sababu havina kioo cha kuionyesha. Vinaoanishwa kwa imani tu. Kwa kwaya inatosha. Kwa daftari la mikopo haitoshi.)

Mara nyingi utasikia kwamba Bluetooth ni salama kwa kuwa inafika mita 10 tu. Usilitegemee hilo. Mita 10 ni za simu na simu. Agosti 2004 watafiti, wakitumia antena ya kulenga upande mmoja, waliifikia simu ya Nokia 6310i iliyokuwa umbali wa kilomita 1.78 na kusoma yaliyomo. Simu ile ilikuwa na kasoro ambayo za leo hazina, lakini somo la umbali halijabadilika: anayesikiliza ana uhuru wa kutumia sikio kubwa kuliko lako.

Hapo ndipo kijana wetu wa chuo anapostahili haki yake. Kuna kasoro zilizowahi kupatikana ambazo hazikuhitaji mtu akubali chochote. Septemba 2017 kampuni ya usalama ya Armis ilitangaza kundi la kasoro lililoitwa BlueBorne. Kwa simu ambayo haijasasishwa, kuwasha Bluetooth tu kulitosha. Mwaka 2019 watafiti walionyesha namna ya kuzilazimisha simu mbili zipatane ufunguo mfupi mno, wa baiti moja, yaani uwezekano 256 tu wa kujaribu. Na Desemba 2023 mtafiti Marc Newlin alieleza jinsi kompyuta ya jirani inavyoweza kujifanya kibodi ya Bluetooth, ikajiunganisha na simu ya Android bila mwenye simu kuulizwa, na kuanza kuandika kama vile yeye ndiye anayeandika. Google ilitoa dawa kwa Android 11 hadi 14. Android 10 kurudi nyuma ziliachwa hivyohivyo.

Sasa niambie, simu ya mweka hazina ni Android ngapi? Aingie Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Atakuta toleo la Android, na mahali fulani humo humo tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni 11 au zaidi na sasisho ni la baada ya Desemba 2023, kasoro hiyo imeshazibwa. Ikiwa ni 10 kurudi nyuma, kama simu nyingi za bei nafuu zilizoko mitaani, basi Bluetooth yake iwashwe wakati wa kupokea faili na izimwe palepale. Si kwamba wadukuzi wamejaa Kilosa. Shambulio la namna hii linataka mtu aje karibu na vifaa vyake, na watu wa hivyo kwa kawaida hufuata mawindo makubwa kuliko hisa za kikundi. Lakini kuzima ni sekunde mbili, na betri itakushukuru.

Jambo jingine ni kuonekana. Watu husema "Bluetooth yangu iko wazi" wakimaanisha imewashwa. Simu za Android za sasa, ikiwa imewashwa tu, hazijitangazi kwa wageni. Zinaonekana pale tu ukurasa wa Bluetooth ukiwa umefunguliwa kwenye kioo. Ukitoka kwenye ukurasa huo zinanyamaza, ingawa zinaendelea kuzisikiliza zile zinazofahamiana nazo. Na faili haliingii mpaka uguse "Kubali". Kitufe hicho nacho kina historia yake. Mwaka 2004 kirusi kiitwacho Cabir kilisambaa kwa Bluetooth kwenye simu za Nokia za mfumo wa Symbian, na hakikuvunja mlango wowote: kiliuliza, "Upokee ujumbe?" Ukikataa kinauliza tena. Ukikataa kinauliza tena. Watu walichoka, wakakubali. Ukiona ombi la kupokea kitu usichokitarajia, hasa likirudiarudia, ondoka mahali hapo au zima Bluetooth. Usibishane na kidirisha.

NFC nitaipitia haraka kwa sababu haitawafaa kwa kazi hii. Ni ile ya kugusanisha, masafa ya megahezi 13.56, umbali wa sentimita 4 hivi. Kasi yake ya kawaida haizidi kilobiti 424 kwa sekunde, na Android yenyewe iliwahi kuwa na njia ya kurusha vitu kwa kugusanisha migongo ya simu, Android Beam, iliyoanza 2011 ikaanza kuachwa na Android 10 mwaka 2019. Kwa hiyo hata mkitaka, simu za leo hazirushiani mafaili kwa njia hiyo. La pili, ukaribu peke yake hausimbi kitu, yaani haukivurugi kwa ufunguo. Mazungumzo ya NFC yanaweza kusikilizwa kutoka mita kadhaa kwa antena inayofaa. Kinacholinda ni usimbaji unaowekwa juu yake.

Mfano mzuri unao kama una pasipoti ya kielektroniki, zile Tanzania ilizoanza kutoa Januari 2018. Ndani yake mna chipu inayosomwa kwa njia hii ya kugusanisha. Lakini chipu haimjibu mtu anayepitisha kifaa juu ya mkoba wako. Msomaji lazima kwanza afungue ukurasa wa picha na kusoma ile mistari ya chini yenye herufi na alama za mshale. Namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda ndizo zinazotengeneza ufunguo wa kuanzia mazungumzo. Aliyebuni hivyo alijua kwamba sentimita 4 si kinga. Kadi za benki za kugusa zina hila nyingine: kila malipo hutengeneza msimbo wake, na wa jana haufai leo.

Kuhusu Xender na ndugu zake, ni kweli hazitumii intaneti wakati wa kurusha. Simu moja inajigeuza kuwa mnara mdogo wa Wi-Fi, nyingine inajiunga, faili linapita kasi sana. Lakini "haitumii intaneti" si sawa na "limesimbwa". Programu nyingine husimba, nyingine hazisimbi, nawe huwezi kujua kwa kuangalia kioo. Kisha programu yenyewe inabaki ndani ya simu, ikiwa na ruhusa ya kusoma mafaili yako yote na matangazo yakipita humo mchana kutwa. Februari 2021 kampuni ya Trend Micro ilieleza kasoro kwenye SHAREit ya Android, mmoja wa ndugu hao wa Xender, ambazo zingeiwezesha programu nyingine iliyomo ndani ya simu kupitia humo na kufikia mafaili. Mimi binafsi zamani nilizitumia sana, enzi simu hazikuwa na kitu cha maana cha kurushia. Leo sioni sababu, maana simu ina yake.

Hiyo yake ni Quick Share. Google iliianzisha kwa jina la Nearby Share mwaka 2020, na mwaka 2024 ikaunganishwa na ya Samsung chini ya jina moja. Inatumia Bluetooth kutafutana tu; faili lenyewe linabebwa na Wi-Fi kutoka simu hadi simu, likiwa limesimbwa, na bando haliguswi. Mkirushiana, angalieni PIN inayotokea pande zote mbili, kwa sababu ileile ya kufuli. Mahali pa kuchagua nani akuone, weka watu unaowajua, na ukilazimika kuweka "Kila mtu", iwe kwa zile dakika 10 tu. Kuna ya Windows pia, kwa laptopu ya mwenyekiti, ila isasishwe: mwaka 2024 watafiti wa SafeBreach walionyesha kasoro kadhaa ndani yake na Google ikazirekebisha kwenye matoleo yaliyofuata.

Je, mhame Bluetooth? Inategemea mnarusha nini. Bluetooth ya kawaida kwa uhalisia inabeba kama megabiti 2 kwa sekunde. Faili lenu la Excel la wanachama 30 ni dogo. Linapita kufumba na kufumbua. Lakini picha 30 za vitambulisho, kila moja megabaiti 3, ni megabaiti 90, yaani dakika sita hivi kukiwa shwari.

Na hapo ndipo nataka nikuulize wewe, dada yangu. Kwa nini mnarusha vitambulisho kila Jumamosi? Hisa hubadilika kila wiki, mikopo hubadilika. Sura ya mama aliyejiunga mwaka juzi haijabadilika, wala namba yake ya NIDA. Nadhani mmekuwa mkirusha folda nzima kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi: bonyeza, shikilia, rusha. Hesabu basi: wiki 52, simu mbili na laptopu moja. Kila kitambulisho kimepata nakala zaidi ya mia kwa mwaka, nyingine zimefutwa, nyingine hazijafutwa, na hakuna anayejua zipi.

Sasa turudi nyumbani kwa mwenyekiti. Simu ya Android ikipokea picha kwa Bluetooth huiweka kwenye folda yake, na mara nyingi picha hiyo hutokea kwenye Galari pamoja na picha za harusi na za mazao. Mtu yeyote anayeshika simu anaiona. Lakini kuna njia nyingine ambayo nimeikuta kwenye nyumba nyingi, na ningekuwa wewe ningeanzia hapo: simu ya mtoto ilifunguliwa kwa akaunti ya Google ya baba. Baba alinunua simu mpya, ile ya zamani akampa mtoto bila kuifuta. Au mtoto aliposhindwa kufungua akaunti ya kwake, akaingiziwa ya mzazi. Kama simu ya baba inahifadhi picha zake kwenye Google, na folda ya Bluetooth ikawa imewashwa humo, kila picha ya kitambulisho inapanda mtandaoni na kushukia kwenye simu ya mtoto, bila mtu yeyote kumtumia mtu yeyote.

Kuthibitisha ni rahisi. Mwombeni mwenyekiti, kwa heshima na faragha, si mbele ya kikao, afungue Google kwenye mipangilio ya simu yake, aende kwenye usimamizi wa akaunti, upande wa usalama, atazame orodha ya vifaa vilivyoingia. Simu ya mtoto ikiwemo, mmeshapata jibu. Aitoe humo, mtoto afunguliwe akaunti yake, na kwenye programu ya picha folda ya Bluetooth izimwe isihifadhiwe. Kisha picha za vitambulisho zifutwe kwenye simu zote mbili, pamoja na kwenye kapu la taka, maana zilizofutwa hukaa humo siku kadhaa zikisubiri kurudishwa.

Ningependa mbadili mpangilio hivi. Picha za vitambulisho zikae mahali pamoja tu, kwenye laptopu ya kikundi au flashi inayofungiwa ndani ya sanduku, zikiwa zimefungwa kwa nenosiri. Programu ya bure ya 7-Zip inaweza kufanya hivyo kwa usimbaji wa AES-256. Chagua pia kuficha majina ya mafaili, la sivyo mtu ataona "Kitambulisho cha mama fulani" hata asipoweza kukifungua. Kila Jumamosi ukarusha faili la hisa na mikopo peke yake, bila namba za NIDA. Namba ya uanachama inatosha kuwatambulisha. Nalo lifungwe kwa nenosiri kabla halijaondoka kwenye simu yako. Programu ya ZArchiver inafanya hivyo kwenye Android. Faida yake ni kwamba hata Bluetooth ikiwa na kasoro, hata simu ikiibwa stendi, anayelipata faili anapata kelele. Na likishafika, mweka hazina aliweke kwenye Folda Salama ya programu ya Files ya Google, inayofunguliwa kwa PIN yake peke yake.

Nenosiri msilitume kwa ujumbe. Mnakaa pamoja kila wiki, jambo ambalo watu wengi wa mijini hawana. Mwambizane kwa mdomo. Liwe maneno manne yasiyo na undugu, kama "jembe pazia ngalawa chungwa", lakini si hayo sasa kwa kuwa nimeshayaandika. Jina la kikundi na mwaka wa kuanzishwa ni kitu cha kwanza mtu atakachojaribu.

WhatsApp? Faili dogo la hisa halili bando la maana, na ujumbe wake umesimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtandao ukiwepo, kumtumia mtu mmoja si kosa. Kulitupia kwenye kundi la watu 30 ni kosa, maana hapo mmefungua matawi 30 ya nakala. Waya wa USB ni salama kuliko vyote kwa habari ya kusikilizwa, ila flashi zinazozunguka steshenari huja na virusi, kwa hiyo yenu isitoke kwenye sanduku kwenda kuchapishia mitihani ya watoto.

Kuna mambo ambayo sitayamaliza kwa maandishi. Ukikuta kwenye orodha ya Bluetooth kifaa ambacho hakuna kati yenu anayekijua, kifute. Kikirudi chenyewe, au ukiona programu usizoziweka, au simu inajiandikia, ipeleke kwa fundi mnayemwamini. Kaa pembeni yake mpaka amalize. Usimwachie simu pamoja na namba ya kuifungua ukaenda sokoni. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini tumekuwa tukizungumzia nakala muda wote huu. Kwa mwanachama aliyekasirika, aangalie kwa *106# laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Usajili unataka alama ya kidole, hivyo picha peke yake haitoshi kumfungulia laini, lakini aone kwa macho yake. Akikuta laini asiyoitambua, aende duka la kampuni husika na kitambulisho chake, na polisi kama imetumika kwa utapeli.

Na ana haki ya kukasirika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu achukue zile anazozihitaji na azilinde. Iko Tume inayopokea malalamiko. Msisubiri afike huko. Mwenyekiti na wewe mwendeeni nyumbani, mmwambie picha ilipita wapi na mmefuta nini, mwonyesheni simu kama akitaka.

Daftari la karatasi msilitupe, wala msirudi kulitegemea peke yake. Vitabu vya hisa vya wanachama ndivyo vitakavyowaokoa siku laptopu ikifa. Ukishajua toleo la Android la mweka hazina, niandikie. Ikiwa ni chini ya 11 nitakueleza namna ya kuigeuza simu hiyo iwe ya kupokea kwa waya tu.